Kitabu cha Ubora: Kiwe na Kurasa Ngapi?

Hotuba hii ilitolewa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii katika semina ya siku mbili ya viongozi wa vikundi na kampuni ndogo za wakulima. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo linaonekana dogo. Kwenye ratiba limeandikwa "Urefu wa mwongozo wa ubora". Nilipoiona hiyo ratiba nilijua ni nani aliyeleta neno hili, maana mwezi uliopita alinipigia simu usiku akaniuliza, "Mama, kitabu chetu kimefika kurasa 60 na bado hatujamaliza. Tuongeze ama tupunguze?" Nikamwambia nitamjibu mbele ya watu. Sasa watu ndio hawa.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya kitu gani. Kampuni ikitaka wanunuzi waiamini, haitoshi kusema "bidhaa yetu ni nzuri". Inatakiwa ionyeshe kwamba uzuri huo haukuja kwa bahati. Basi inaandika kitabu kinachoeleza: sisi ni nani, tunatengeneza nini, tumewaahidi wateja nini, kazi inatoka mkono wa nani inaingia mkono wa nani, nani anajibu kukiharibika kitu, na tukikosea tunarekebishaje. Hicho ndicho wanaita mwongozo wa ubora.

Wengi wenu mnachanganya hapo mambo mawili. Ile alama ya ubora inayotolewa na KEBS, yaani Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lililoanza kazi mwaka 1974, inahusu bidhaa yenyewe: maziwa haya, unga huu, asali hii. Cheti cha ISO 9001 ni kitu kingine. Hicho kinahusu namna kampuni inavyoendesha kazi yake. Na hata ISO wenyewe, walioanza kazi 1947 na walio na makao Geneva kule Uswisi, hawampi mtu cheti. Wao wanaandika viwango tu; cheti kinatolewa na mashirika ya ukaguzi. Kwa hivyo mtu akija kwenu na mkoba akisema ametumwa na ISO awauzie cheti, mpeni chai na mumwonyeshe njia ya stendi.

Sasa niwaambie kisa. Si kisa cha kufurahisha, na lawama nitakayoitaja nami nina sehemu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia kampuni moja ndogo ya wakulima wa maziwa. Sitaitaja jina. Walikuwa na tangi la kupozea, chumba cha kutengenezea yogati, na mnunuzi mmoja wa mjini aliyesema atachukua kila wiki kama watakuwa na mwongozo wa ubora. Kamati ikakaa. Nami nilikuwa ndani ya kamati hiyo. Tukatafuta mtaalamu, tukachanga pesa, na baada ya miezi mitatu akatuletea kitabu cha kurasa 136. Jalada la bluu, maandishi ya dhahabu, na ndani Kiingereza kitupu. Siku ya kukipokea watu walipiga makofi, nami nikapiga. Nilikibeba hata nikapigwa picha nacho. Kisha kikawekwa kwenye kabati la meneja, na kabati likatiwa kufuli kwa sababu ati hicho kitabu ni mali ya kampuni.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa akileta maziwa ya ng'ombe wawili. Mmoja akashikwa na ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo akaja, akatia dawa ya antibayotiki. Nyinyi wafugaji mnajua: ng'ombe akitiwa dawa hiyo, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Mara nyingi ni siku tatu, na dawa zingine zinazidi hapo. Huyu mama hakuwa na hakika ya hesabu. Asubuhi alipofika na mkebe wake alimwuliza kijana wa kupokea maziwa, "Ng'ombe wangu alitibiwa juzi. Ninaweza kuleta?"

Kijana alikuwa katika wiki yake ya pili kazini. Alifanya kama alivyofundishwa. Akaweka laktomita, ikasoma vizuri. Akachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kiasi sawa, hayakuganda. Akamwambia mama, "Maziwa yako ni mazuri," akayamimina tangini.

Laktomita inakuambia kama maziwa yametiwa maji. Spiriti inakuambia kama yameanza kuchacha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kuona dawa. Dawa haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Ile hamira inayogeuza maziwa kuwa yogati ni viini vilivyo hai, na antibayotiki kazi yake ni kuua viini. Basi siku hiyo wakatia hamira, wakangoja. Saa nne, saa tano, saa sita. Mpaka jioni yale maziwa yalikuwa mepesi vile vile. Lita 400 zilimwagwa. Na tushukuru kwamba zilikuwa za yogati, kwa maana kama zingeuzwa hivyo hivyo na mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini akanywa, tungekuwa tunaongea juu ya jambo lingine kabisa.

Mkutano ukaitwa. Meneja akafungua kabati, akatoa kitabu cha bluu, akafunua ukurasa wa 87. Ilikuwa imeandikwa! Maziwa ya mnyama aliyetibiwa yasipokewe mpaka muda wa dawa uishe, na mpokeaji amwulize kila mkulima kabla ya kupima. Kijana akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la kutofuata mwongozo. Na yule mama akasimamishwa mbele ya wenzake. Akasema neno moja tu ambalo mimi sijalisahau: "Nilimwuliza. Mlitaka nimwulize nani mwingine?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi meza ya mbele na sikusema kitu. Kijana tulimrudisha baada ya mwezi mmoja. Mama hakurudi. Alianza kuuza maziwa yake barabarani, na kampuni ikampoteza mtu pekee ambaye asubuhi ile alikuwa amefanya sawa.

Sasa mnaona kwa nini swali la kurasa ngapi si swali la makaratasi tu. Kile kitabu kilikuwa na jibu, lakini jibu lilikuwa mbali na mkono wa mwenye kulihitaji. Lilikuwa ukurasa wa 87, ndani ya kufuli, kwa lugha ambayo kijana aliisoma kwa shida.

Mtaniuliza, hii desturi ya vitabu vinene ilitoka wapi? Ina historia yake. Kiwango cha ISO 9001 kilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, kikarekebishwa 1994. Toleo hilo la 1994 lilikuwa na vifungu 20, na makampuni mengi duniani yakaona njia rahisi ni kunakili kila kifungu na kubadilisha maneno mawili matatu: pale kiwango kinaposema "msambazaji afanye" wao wakaandika "sisi tunafanya". Hivyo ndivyo vitabu vilivyonenepa. Mkaguzi alikuwa anasoma kiwango chake mwenyewe akirudishiwa kwa jalada lingine.

Mwaka 2000 wakabadilisha. Mwongozo bado ulitakiwa, lakini wakasema uwe na mambo matatu tu: mpaka wa kazi yenyewe, yaani ni shughuli zipi zinahusika, taratibu zilizoandikwa, ama kuelekeza zinapopatikana, na maelezo ya jinsi kazi moja inavyoungana na nyingine. Taratibu ambazo ni lazima ziandikwe zilikuwa sita. Sita peke yake! Toleo la 2008 likabaki hivyo hivyo. Halafu 2015 wakaondoa hata lile sharti la kuwa na kitabu kinachoitwa mwongozo wa ubora. Mambo mengine bado ni lazima yawe kwa maandishi: sera, malengo, mpaka wa kazi, na kumbukumbu za kuonyesha kwamba mlifanya mlichosema. Lakini kitabu chenyewe, ukitaka andika, usipotaka panga maandishi yako kwa njia nyingine.

Kwa hivyo mtu anayewaambia mwaka huu kwamba bila kurasa 100 hamtapata cheti, yeye bado yuko 1994.

Wale waandishi wa kiwango hawakutaja idadi ya kurasa wakati wowote. Walitaja vitu vitatu vya kuangalia: ukubwa wa kampuni na aina ya kazi yake, ugumu wa kazi zenyewe na jinsi zinavyoingiliana, na ujuzi wa watu wanaofanya. Mimi nafikiri hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Seremala wa miaka ishirini hahitaji ukurasa wa kumwambia namna ya kushika randa. Lakini kijana wa wiki mbili kwenye lango la maziwa anahitaji kuandikiwa, tena kwa herufi kubwa, mahali ambapo macho yake yapo saa kumi na mbili asubuhi wakati foleni ya mikebe ni ndefu na kila mtu anapiga kelele.

Baada ya mambo yale tulirudi kwa kitabu cha bluu tukafanya jambo la kijinga kidogo, ambalo ninawaomba mlijaribu. Tulikitoa kabatini, tukakifungua kikawa kurasa moja moja, tukaziweka kwa faili mezani pale wafanyakazi wanapopita. Tukasema: ukihitaji kitu, soma, usiogope kuchafua. Tukaacha miezi miwili. Kisha tukahesabu kurasa zilizo na alama za vidole. Mkono wa mtu anayefanya kazi ya maziwa hauwezi kushika karatasi bila kuacha alama! Kurasa zilizochafuka zilikuwa 11. Kurasa 11 katika 136. Nyingine 125 zilikuwa safi kama zilivyotoka kwa mashine.

Hatukuzitupa zote 125, ngojeni. Zingine hazikuguswa kwa sababu hazikuwa na maana: historia ya kampuni, maneno marefu ya kueleza ubora ni nini, kurasa nane za maana ya maneno, na mchoro wa vyeo ulioonyesha idara ambazo hatukuwa nazo. Kulikuwa na "Mkurugenzi wa Utafiti"! Hizo tulichomea chai. Lakini zingine hazikuguswa kwa sababu jambo lake lilikuwa bado halijatokea. Kwa mfano, tufanye nini tukigundua kwamba yogati iliyokwisha kuuzwa ina kasoro: nani anapiga simu, kwa maduka gani, tunajuaje ni ya siku ipi. Ukurasa kama huo unaweza kukaa miaka mitano bila doa, na siku moja ukaokoa kampuni. Kwa hivyo uchafu wa vidole ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi peke yake.

Mwisho wake kitabu kilibaki na kurasa 14. Na ile habari ya dawa haimo ndani yake. Iko ukutani, kwenye lango la kupokelea, imefunikwa kwa plastiki: "Muulize kila mkulima: kuna ng'ombe aliyetibiwa? Jina la dawa? Siku gani?" Chini yake limetundikwa daftari la kuandika majibu. Kitabu kinasema tu kwamba karatasi hiyo ipo, iko wapi, na nani mwenye ruhusa ya kuibadilisha.

Hiyo ndiyo siri kubwa ya kufupisha. Kitabu si lazima kibebe kila kitu. Kinaweza kuelekeza. Namna ya kuosha mikebe ikae pale mikebe inapooshewa. Joto la tangi, ambalo tunataka lishuke kufikia digrii 4, liandikwe kwenye tangi. Kitabu kiwe kama mtu anayekaa njia panda, akuambie hiki kiko kule.

Lakini sasa nisije nikawapoteza kwa upande wa pili, kwa maana nimeona wengine wakisikia habari hii wanafurahi kupita kiasi. Kikundi kimoja cha kutengeneza sabuni, ambacho pia sitakitaja, kilijivunia kitabu cha kurasa mbili. Kila kitu kingine kilikuwa kichwani mwa mama mmoja hodari sana: kiasi cha magadi, kiasi cha mafuta, muda wa kukoroga. Mama huyo akaenda kujifungua, na mtoto akawa mgonjwa, akakaa nje miezi minne. Wenzake wakajaribu kukisia. Sabuni waliyotoa ilichubua mikono ya watu, kwa sababu magadi makali yalizidi mafuta. Duka lililowapa nafasi likarudisha masanduku yote. Walikuja ofisini kwangu wakitaka mkopo. Nikawauliza kipimo, wakanitazama.

Kwa hivyo mimi nikitaka kujua kitabu kimefika urefu wake, ninauliza hivi: mtu anayejua kazi hii asipokuja kesho, yule atakayeshika nafasi yake ataharibu nini? Pale jibu linapokuwa "ataharibu kitu kikubwa", hapo andika, hata kama ni kurasa tatu kwa jambo moja. Pale jibu linapokuwa "hataharibu kitu, atauliza jirani", acha. Kampuni ya asali itakuwa na kurasa chache kuliko ya maziwa, kwa sababu asali haiharibiki kwa saa sita. Ya maziwa itakuwa na kurasa chache kuliko kiwanda cha dawa za binadamu. Anayenakili kitabu cha jirani ameazima viatu bila kuangalia miguu yake.

Kuna mzee mmoja wa kamati, nampenda sana, alinipinga vikali tuliposhuka hadi kurasa 14. Alisema, "Mama, mnunuzi wa mjini akija tumpe vikaratasi hivi? Atatuona washamba." Sikumcheka. Alikuwa anatetea heshima ya watu ambao wamedharauliwa muda mrefu, na kitabu kinene kilikuwa kwake kama koti la Jumapili. Tukakubaliana kwamba jalada la bluu libaki, na maandishi ya dhahabu yabaki. Mnunuzi alipokuja alisoma kurasa zote 14 akiwa amesimama, kisha akamwita kijana wa langoni, yule yule, akamwuliza: "Mkulima akisema ng'ombe wake alitibiwa juzi, unafanya nini?" Kijana akamwonyesha ukutani, akafungua daftari, akamwonyesha mikebe mitatu aliyoikataa mwezi ule, na majina. Mnunuzi hakuuliza kitu kingine juu ya kitabu. Mzee alinitazama, akatikisa kichwa, na mpaka leo hajakubali kwamba nilishinda.

Niguse mambo mawili kwa haraka maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

La kwanza ni lugha. Mkaguzi anaweza kutaka Kiingereza, na mnaweza kumtafsiria kurasa chache anazohitaji. Lakini karatasi ya ukutani iwe kwa lugha ya mtu anayesimama mbele ya ukuta huo. Kama ni Kiswahili, Kiswahili. Kama wengi hapo wanasoma Kikamba ama Kikuyu vizuri zaidi, iwe hiyo. Na kama kuna mtu asiyejua kusoma, picha.

La pili ni karatasi za zamani. Kila ukibadilisha utaratibu, ondoa ule wa kwanza kila mahali ulipo. Nimeona ukuta mmoja una maagizo mawili ya kuchanganya dawa ya kuoshea, moja linasema kifuniko kimoja na lingine viwili. Kitabu kirefu kinaleta shida hii zaidi, kwa sababu hakuna anayekumbuka jambo lile lile limetajwa mara ngapi. Jambo moja liandikwe mahali pamoja. Tia tarehe chini ya kila karatasi, na jina la aliyekubali.

Sasa ndugu yangu wa kurasa 60, sijakusahau. Siwezi kukuambia ubaki na ngapi, kwa maana sijaona kazi yenu. Lakini najua umekuja nacho, nakiona hapo chini ya kofia yako. Baada ya chai utakifungua hapa mezani, na watu wako wawili wanaofanya kazi ya mikono, si wewe na si mweka hazina, watatuambia ni kurasa gani wanazozijua. Wale ambao bado hawajaandika chochote watachukua chaki na kutuchorea ubaoni njia ya bidhaa yao, kuanzia inapoingia langoni mpaka inapotoka, na kila mahali ambapo imewahi kuharibika watie msalaba. Wa kwanza watakuwa wale akina mama wa asali, kwa sababu gari lao linaondoka saa nane.